Kanuni za vyeti vya maopereta wa maji na majitaka zinabadilishwa, uchague njia ipi?

Ukiletewa rasimu ya kanuni mpya za vyeti vya maopereta ukaambiwa toa maoni, utakutana na kurasa kibao za maneno makubwa makubwa, lakini ukichambua ndani yake yapo mambo matano sita tu ya kuamua kweli. Mtambo upangwe daraja kwa kigezo gani, mtu aingie kwa elimu au uzoefu, wakongwe ambao hawajawahi kukaa mtihani wafanyweje, cheti kihuishwe vipi, maji na majitaka viwe cheti kimoja au viwili, na nani lazima awepo mtamboni. Nimekaa zamu miaka mingi, afu nikahamia kusimamia watu wa zamu, kwa hiyo hizi njia nazilinganisha kwa swali moja: saa nane usiku dozi ya klorini imekata, bosi kalala, huyu aliyepo pale anajua afanye nini? Njia inayomsaidia huyo ndo yangu. Ile inayosaidia faili la ofisini lipendeze tu siitaki, hata kama ni nyepesi kusimamia.

Daraja la mtambo: idadi ya watu au pointi?

Kupanga daraja kwa idadi ya watu ni rahisi sana, hakuna ubishi, unaangalia mtambo unahudumia watu wangapi unasema huu daraja la 1, yaani la chini kabisa, ule la 3, umemaliza. Ndo maana wanaoandika kanuni wanaipenda. Shida yake ni kwamba maji hayajui idadi ya watu. Chukua kisima kirefu chenye maji safi kinachohudumia watu elfu arobaini, kazi ya pale ni pampu na klorini basi, afu chukua mtambo mdogo wa watu elfu tatu unaovuta maji ya mto, mvua ikinyesha maji yanakuja rangi ya udongo, kuna alamu, yaani alumini salfeti, ya kugandisha tope, kuna kurekebisha pH, yaani uchachu wa maji, kuna machujio ya kuosha kinyumenyume, kuna tope la kutupa. Kwa idadi ya watu yule wa kisima anatakiwa cheti kikubwa na yule wa mto kidogo, wakati ugumu wa kazi uko kinyume kabisa.

Njia ya pointi inahesabu kilichopo mtamboni: ukubwa, hali ya chanzo, kemikali, aina ya machujio, vipimo vya maabara vinavyofanyika palepale. Mfumo unaojulikana zaidi huko Marekani na Kanada ni ule wa Association of Boards of Certification, umoja wa bodi zinazotoa vyeti hivi, siku hizi wanaitwa Water Professionals International: hadi pointi 30 ni daraja la 1, 31 mpaka 55 la 2, 56 mpaka 75 la 3, kuanzia 76 la 4. Mimi nachagua pointi kwa mitambo ya kutibu, iwe ya maji au majitaka, bila kusita. Ila pointi nazo zinachezewa, jamani tusidanganyane. Nimeshaona fomu ambayo kifaa kizima kimeachwa kuhesabiwa kwa maelezo kwamba "hakitumiki kwa sasa", na ajabu ni kwamba kukihesabu kungepandisha mtambo daraja na kumlazimu mwenye mtambo kuajiri mtu mwenye cheti cha juu. Kwa hiyo kama rasimu yenu ni ya pointi angalieni kama kuna kifungu kinacholazimisha kuhesabu upya kila kifaa au kemikali inapoongezwa, kuondolewa au kubadilishwa. Kama hakipo, zile pointi zitabaki za siku ya ufunguzi mpaka jengo liote kutu.

Kwa mtandao wa mabomba ya kusambaza na ya kukusanya majitaka, hapo idadi ya watu ni sawa tu. Mabomba ugumu wake unakua na ukubwa. Mfumo huohuo wa pointi kwa mabomba unatumia watu: 1,500 kushuka chini daraja la 1, mpaka 15,000 la 2, mpaka 50,000 la 3, juu ya hapo la 4. Sioni sababu ya kubishana nayo.

Kuingia: elimu au uzoefu?

Hapa watu wanagombana bure. Wapo wanaotaka diploma kwanza, wapo wanaosema kazi hii inafundishwa na mtambo wenyewe, shule haikufundishi mlio wa pampu inayovuta hewa. Wote wana ukweli kidogo. Mwenye elimu bila uzoefu atakupigia hesabu ya dozi vizuri kabisa, mtambo wa mita za ujazo 4,000 kwa siku, dozi miligramu 2.5 kwa lita, hiyo ni kilo 10 za klorini, na kama unatumia unga wenye klorini asilimia 65 unahitaji kilo 15 na nusu hivi. Safi. Lakini mpeleke kwenye pampu ya dozi iliyoziba uone. Mwenye uzoefu bila elimu atazibua ile pampu kwa dakika tano, ila mwambie chanzo kimebadilika dozi iwe ngapi, atakwambia "tuweke kama jana".

Nnachoangalia kwenye rasimu ni neno "uzoefu" limeelezwaje. Kama imeandikwa "miaka mitatu ya uzoefu katika kituo cha maji" na ikaishia hapo, basi hata aliyekuwa anafungua geti na kufyeka majani ana miaka mitatu. Inayofaa ni ile inayotaka uzoefu wa kuendesha, yaani kufanya maamuzi ya dozi, vipimo na vali, tena kwenye mtambo usiopishana sana na daraja analoombea. Na nzuri zaidi ni ile yenye ngazi ya opereta mwanafunzi, kijana anaruhusiwa kukaa mtihani mapema akiwa bado kichwa kina moto wa darasa, anapewa cheti cha uanafunzi, anafanya kazi chini ya mwenye cheti kamili, miaka ikitimia anapandishwa. Ukimlazimisha asubiri miaka mitatu ndo akae mtihani wa kwanza, wengi watahama kazi kabla, na wakongwe wanazidi kustaafu.

Mtihani wenyewe uwe wa karatasi au kompyuta sina ugomvi nao, kompyuta inatoa majibu haraka na maswali yanachanganywa kwa hiyo kunakiliana kunapungua. Cha kuuliza ni maswali yanatungwa na nani, na kama yamefanyiwa uhakiki kwamba yanapima kazi halisi. Kama ni maswali yaleyale yanayozunguka kwenye simu za watu miaka kumi, kompyuta haitasaidia kitu.

Wakongwe: wapewe cheti bure au wakae mtihani?

Hili ndo lenye moto, na ndo ambalo kamati nyingi hulimaliza kwa huruma. Kanuni mpya inakuja, kuna mzee yuko pale miaka ishirini na tano, hajawahi kuwa na cheti. Njia ya kwanza ni kumpa cheti kwa uzoefu wake bila mtihani. Njia ya pili ni kumwambia akae kama wengine. Ya tatu ni ya katikati, cheti cha masharti.

Kabla hujachagua ya kwanza soma habari za Walkerton, mji mdogo wa jimbo la Ontario, Kanada. Mei 2000 mvua kubwa ilinyesha, kinyesi cha ng'ombe kutoka shamba la karibu kikaingia kisimani, maji yakabeba bakteria wa E. coli O157:H7 na Campylobacter, watu 7 wakafa na zaidi ya 2,300 wakaugua. Waliokuwa wanaendesha ule mfumo walikuwa na vyeti. Vyeti! Walivipata kwa njia hiyohiyo ya uzoefu, bila kukaa mtihani. Tume ya uchunguzi ikakuta mabaki ya klorini, yaani ile inayobaki kwenye maji baada ya kutibiwa, yalikuwa hayapimwi kila siku kama inavyotakiwa, daftari linajazwa namba za kubuni, na sampuli zinaandikwa zimechukuliwa mahali ambapo hazikuchukuliwa. Na hawa hawakuwa watu wabaya wanaotaka kuua, waliamini maji ya visima vyao ni salama hata bila klorini, wenyewe walikuwa wanayanywa hivyohivyo. Miaka yote ile ya kazi iliwafundisha kuzungusha vali, haikuwafundisha bakteria anafanya nini kwa mtoto mdogo.

Tume ikapendekeza maopereta wote, hata wale waliopata vyeti kwa uzoefu, wakae mtihani ndani ya miaka miwili, na baada ya hapo vyeti vihuishwe kila baada ya muda. Tena ikasema mitihani na mafunzo yasiishie kwenye ufundi, yaeleze uzito wa hatari kwa afya za watu na kwanini hizo sheria zipo. Sasa ukiniuliza mimi, hicho kipande cha pili ndo kinasahaulika kwenye rasimu nyingi. Tunafundisha kupima klorini, hatufundishi kwanini ukikuta miligramu 0.1 kwa lita wakati jana ilikuwa 0.6 hutakiwi kuandika 0.6.

Niwe mkweli pia upande wa pili. Tume hiyohiyo ilisema kama kile kisima kingekuwa na kifaa cha kupima mabaki ya klorini na ukungu wa maji (yaani maji yana uchafu kiasi gani unaoelea) muda wote, ule mlipuko ungezuilika. Kwa hiyo mtihani peke yake si dawa, usije ukauza rasimu kwa kusema ukitahini wazee basi umemaliza.

Njia ya katikati ipo kwenye miongozo ya EPA, shirika la serikali la mazingira la Marekani, ya mwaka 1999. Inaruhusu mkongwe aliyeshika usimamizi wa mfumo ambao kwa mara ya kwanza unalazimishwa kuwa na mwenye cheti apewe bila mtihani, lakini kile cheti kinabaki palepale. Akihamia mfumo mwingine hakimfuati, na mtambo ukipanda daraja kinakufa. Binafsi naona hii inafaa kwa vituo vidogo sana ambako ukimfukuza mzee hakuna anayebaki, ila ningeongeza mwisho wake, miaka miwili mitatu hivi, na ningeruhusu mtihani wa mdomo na vitendo kwa anayesumbuliwa na kusoma. Mzee anayeweza kukueleza kwa mdomo kwanini klorini inahitaji muda wa kukaa na maji kabla hayajafika kwa mtu wa kwanza, kwanini 0.5 kwa dakika 30 si sawa na 0.5 kwa dakika 3, huyo anajua, hata kama kalamu inamtoa jasho.

Kuhuisha cheti: masaa ya semina, mtihani tena, au kupimwa kazini?

Masaa ya mafunzo ndo yanatumika sehemu nyingi. Kila baada ya miaka kadhaa unaleta ushahidi umehudhuria masaa fulani, cheti kinaendelea. Miongozo ya EPA niliyoitaja inataka mzunguko usizidi miaka 3, na aliyeacha cheti kikaisha zaidi ya miaka miwili aanze upya. Faida ya masaa ni kwamba hayamtishi mtu, yanaendana na mabadiliko, leo mnajifunza dawa mpya kesho usalama wa SCADA, ile mifumo ya kompyuta ya kuangalia na kuendesha mtambo kwa mbali. Hasara yake kila mtu anaijua ila hakuna anayeisema: semina ya siku mbili, asubuhi watu wanasaini mara mbili, sahihi ya asubuhi na ya mchana kwa pamoja, afu nusu ya ukumbi iko nje inaongea na simu. Onlaini ndo usiseme, video inacheza kwenye kompyuta ya ofisini huku opereta yuko kwenye chujio. Masaa yanapima makalio yamekaa muda gani.

Mtihani upya kila mzunguko unaonekana mkali na wa haki. Lakini nimewaona watu wazuri kabisa wa kazi wakitetemeka kwa mtihani ule wa maswali mia wa kuchagua, na nimewaona wakariri wakipita. Afu kuna hatari ya kweli, ukiwa na maopereta watatu na wawili wameshindwa mwezi mmoja, nani atakaa zamu? Hapo ndo unakuta wenye mtambo wanaanza kubembeleza msamaha na kanuni inakufa kimyakimya, inabaki kwenye makaratasi.

Kupimwa kazini, hii ndo naipenda na ndo ngumu kuliko zote. Mpimaji anakuja mtamboni, anasema chukua sampuli, pima klorini mbele yangu, sasa sahihisha ile mita ya ukungu, fanya jaa testi, lile jaribio la kulinganisha dozi kwenye vyombo vidogo, unioneshe dozi ya alamu kwa maji ya leo, haya tuseme mtungi wa klorini unavuja, unafanya nini kwanza, unampigia nani, unaandika nini kwenye daftari la zamu. Kwa majitaka anasema nioneshe tope linashukaje kwenye ile silinda ya nusu saa, linakwambia nini, utaongeza kurudisha tope au utapunguza. Ndani ya masaa mawili unajua huyu mtu ni opereta au ni mtazamaji. Ugumu wake ni wapimaji, wachache, wana gharama, na wakipatikana wengine ni marafiki wa mameneja. Ukiiandika kwenye kanuni bila kusema wapimaji watatoka wapi umeandika ndoto.

Kwa hiyo nikilazimika kuchagua moja kwa nchi au shirika lenye uwezo mdogo nachukua masaa, ila kwa masharti: sehemu ya masaa, tuseme theluthi, iwe ya vitendo mtamboni na kila kipande kiishe na jaribio dogo la kupita au kurudia, onlaini isizidi nusu, na anayepima asiwe bosi wa anayepimwa. Mwenye uwezo achukue kupimwa kazini kwa madaraja ya 3 na 4 na masaa kwa ya chini. Mtihani kamili upya nauacha kwa mtu mmoja tu, yule aliyeacha cheti kikaisha au aliyekutwa anabuni namba kwenye daftari. Huyo wa kubuni namba kwa kweli mimi ningemtoa kabisa, lakini najua si wote tutakubaliana.

Maji na majitaka: cheti kimoja au viwili?

Wanaotaka kimoja wana hoja ya watu wachache, kituo kidogo mtu mmoja anashika vyote, asubuhi kisimani mchana kwenye mabwawa ya majitaka. Naelewa. Lakini kazi zenyewe zimegeuziana mgongo. Kwenye maji unaua vijidudu, kwenye majitaka unavifuga, unavilisha, unavipa hewa ya oksijeni kama miligramu 2 kwa lita ili visife, na ukivimwagia klorini kwa mazoea ya upande wa pili umeua mtambo mzima, wiki kadhaa hauponi. Hatari nazo tofauti. Kwenye chemba ya majitaka kuna haidrojeni salfaidi, ile gesi ya mayai viza, na ubaya wake ni kwamba ikifika kama sehemu 100 kwa milioni pua inaacha kuinusa, unadhani imeisha kumbe ndo imezidi. Mwenzako akianguka ndani unataka kuruka kumwokoa. Taasisi ya NIOSH ya Marekani, ya usalama na afya kazini, ilishaandika zamani kwamba zaidi ya nusu ya waliokufa kwenye sehemu finyu kama hizo walikuwa waokoaji. Hiyo huwezi kuiweka kama maswali mawili ya mwisho kwenye mtihani wa maji.

Mimi ni vyeti viwili, na sehemu ya kwanza ya mtihani iwe moja kwa wote, hesabu, pampu, usalama, ukishaipita huirudii ukiombea cha pili. Yule wa kituo kidogo anapata vyote kwa juhudi moja na nusu. Angalia pia kama rasimu haijasahau majitaka kabisa, maana hata ile miongozo ya EPA ya 1999 inahusu maji ya kunywa tu, majitaka kila jimbo linajipangia lenyewe, na mtu akiinakili jinsi ilivyo anabaki na nusu ya kazi.

Nani lazima awepo: palepale au kwenye simu?

Siku hizi mitambo mingi inaangaliwa kwa mbali, na rasimu nyingi zinaruhusu mwenye cheti "apatikane" badala ya kuwepo. Kuwepo kila zamu ni salama zaidi na ni ghali zaidi, hilo halina mjadala, na kwa mitambo ya daraja la 3 na 4 sitaki kusikia kingine. Kwa midogo kupatikana kunatosha ila lazima kuandikwe vizuri, maana mtambo usio na mtu hauna wa kumzuia mgeni asikosee. Camelford, Uingereza, Julai 1988, dereva wa muda aliyeshika nafasi ya mwenzake alileta tani 20 za alumini salfeti kwenye mtambo wa Lowermoor, hakukuta mtu, akamwaga kwenye tenki ambalo siyo, ikaenda moja kwa moja kwenye mabomba ya watu. Hakuna cheti kilichokosekana pale kwa maana ya karatasi, alikosekana mtu wa kusema siyo hapo, ni pale.

Kwa hiyo ukiona neno "apatikane" kwenye rasimu, uliza dakika ngapi kwa simu na dakika ngapi kwa miguu, uliza kama anaruhusiwa kushika mitambo mingapi kwa wakati mmoja, na dai kifungu kinachosema kemikali haipokelewi mtamboni bila mwenye cheti kuwepo kwa macho yake, hata kama mtambo ni wa daraja la 1 na lori limefika usiku, lori lisubiri.